Ufunguzi wa Olimpiki ukiwa nyumbani: king'amuzi au simu?

Ufunguzi wa Paris 2024 ulianza saa 2:30 usiku kwa saa za Afrika Mashariki, ukachukua takriban saa nne. Kwa urefu huo, bando ndilo huumia kwanza: video ya ubora wa juu inaweza kumaliza zaidi ya gigabaiti moja kwa saa. King'amuzi unakilipia mara moja kwa mwezi, na nyumba nzima inaangalia. Isitoshe, boti zaidi ya themanini zikishuka mto Seine huku mvua inawanyeshea wanamichezo ni jambo la kioo kikubwa. Kwenye simu, bendera yako inapita hata hujaiona.

Ila mvua kubwa ikishuka kwako, dishi hupoteza mawimbi. Umeme ukikatika, simu yenye chaji inaendelea, ingawa matangazo ya intaneti huchelewa na jirani atashangilia kabla yako.

Los Angeles itafungua 14 Julai 2028, na jioni ya kule ni alfajiri ya tarehe 15 huku. Unaishi chumba kimoja na watoto wamelala? Chukua simu. Mko wengi na mnaamka pamoja? Lipia king'amuzi mapema.