Oblivion: nzuri kuitazama, ngumu kuipenda

Kwa upande wa picha, Oblivion ya Joseph Kosinski (2013) sina neno nayo. Ile nyumba ya vioo iliyosimama juu ya mawingu ilinifanya nisimamishe filamu ili niitazame tu. Na mawingu yale hayakubandikwa baadaye kwa kompyuta: yalirekodiwa kutoka mlima Haleakalā, Hawaii, kisha yakarushwa kwa projekta kwenye skrini kubwa zilizoizunguka seti. Ndiyo maana mwanga unaowapiga waigizaji usoni unaaminika, na bwawa lile la kuogelea unaona kama ungeweza kuchovya mkono. Nje huko, dunia iliyokufa imepigwa Aisilandi, mchanga mweusi hadi upeo wa macho.

Tatizo ni hadithi. Tom Cruise ni Jack, fundi wa droni mwaka 2077, na filamu haijaanza vizuri ameshatusimulia yote: vita, mwezi uliovunjwa, kwa nini duniani wamebaki wawili tu, yeye na mwenzake Victoria. Mtu akikueleza mambo kwa utulivu namna hiyo unajua kuna uongo mahali, basi unakaa kuusubiri. Ukifichuka, hushtuki.

Kilichoniudhi hasa ni walivyomtumia Victoria. Andrea Riseborough, anayemwigiza, ndiye pekee humu anayeonekana ana damu mwilini. Jack anamletea ua kutoka chini, limo kwenye mkebe. Analitazama, hofu inamwingia, analitupa lipotelee mawinguni. Hapo nilikaa sawa kwenye kiti. Mwanamke anampenda mwenzake, lakini anaziogopa sheria kuliko anavyompenda: nilitaka filamu nzima iwe hiyo. Badala yake anaondolewa njiani, tunakabidhiwa Julia (Olga Kurylenko), eti ndiye penzi la kweli kwa kuwa yumo kwenye ndoto za Jack. Anaongea kidogo, anatazama mbali sana. Ndoto zenyewe ni fupi, hazitoshi kunifanya niwaonee huruma. Morgan Freeman naye anaibuka gizani na sigara yake nene, anatoa maelezo, anawekwa kando mpaka atakapohitajika tena.

Ni zaidi ya saa mbili, na nusu ya pili nilianza kuchungulia muda. Muziki wa bendi ya M83 lakini uongezeeni sauti. Naipa nyota mbili na nusu kati ya tano, na mbili kati ya hizo ni za mpiga picha, Claudio Miranda.