Rivyu ya factor kwenye Linux, nimeipima na namba moja tu: 18446744073709551617

Kama unatumia Linux na unapenda namba basi kuna kitu kiko kwenye mashine yako tayari na huenda hujawahi kukigusa, kinaitwa factor, kinakuja bure ndani ya GNU coreutils, yaani kifurushi cha programu ndogondogo za msingi za Linux. Kazi yake moja tu, unakipa namba nzima kinakurudishia vigawo tasa vyake.

Namba niliyoipimia ni 2 kipeo cha 64 jumlisha 1, tarakimu 20. Nilianza na kalkuleta moja ya simu, ikaniandikia 1.844674407E19, nikaiuliza mod 2 (baki ukigawanya kwa 2) ikanipa 0, yaani shufwa! Namba inaishia na 7 jamani. Shida ni kwamba kalkuleta za hivyo zinashika tarakimu 15 au 16 hivi za mwanzo, zinazobaki zinakadiriwa, kwahiyo ile 1 ya mwisho ilidondoka. Na hiyo 1 ndo kila kitu, ukiitoa unabaki na 2 zilizozidishana mara 64 basi, ukiirudisha hakuna hata 2 moja ndani yake.

Sasa nikafungua terminali nikaandika factor na namba yenyewe, nikabonyeza enta, jibu lilikuwepo hapohapo:

18446744073709551617: 274177 67280421310721

Niliitazama hiyo laini muda mrefu kweli. Mwanahisabati Fermat aliamini namba zote za familia hii (2 kipeo cha 1, 2, 4, 8, 16, 32, 64 na kuendelea kwa kuzidisha mara mbili, kisha jumlisha 1) ni tasa, mwenzake Euler akaja mwaka 1732 akaonyesha 4294967297 inagawanyika kwa 641, na hii yetu inayofuata ikasubiri mpaka 1880 ndo Landry, Mfaransa, akachapisha vigawo vyake, kwa mkono bila mashine! Halafu chukua 274177 toa 1 gawanya kwa 256, unapata 1071 kamili bila baki. Sio bahati, mwanahisabati Lucas alishathibitisha kwamba kigawo chochote cha namba hii lazima kiwe kigawe cha 256 ukiongeza 1, ndo maana hakuna haja ya kujaribu namba tasa zote moja moja. Kile kigawo kikubwa nacho kinatii hivyohivyo, nimekipigia hesabu mwenyewe.

Kinachonikera, factor haisemi kitu zaidi ya vigawo, ukitaka idadi ya vigawanyo vyote au jumla yake utahesabu mwenyewe (hapa viko vinne tu, ukihesabu 1 na namba yenyewe). Na ukiipa namba inayoishia na 616 badala ya 617 inakumwagia 2 2 2 2 mpaka zifike 64, ingawa matoleo mapya yana chaguo la -h (unaliandika baada ya neno factor) linalokuandikia 2^64 kwa kifupi.

Nyota nne na nusu. Ukiijaribu usiishie kwenye jibu la kwanza, chukua 67280421310721 uirudishe tena kwenye factor, itakujibu na namba hiyohiyo peke yake, ndo ujue ni tasa.