SkillBridge kwa mwanajeshi mwenye familia: mpango mzuri, kalenda ngumu

SkillBridge ni mpango wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani unaomwezesha mwanajeshi anayekaribia kuvua sare kujifunza kazi katika kampuni ya kiraia ndani ya siku 180 za mwisho za utumishi wake. Mshahara wa jeshi unaendelea, posho ya nyumba inaendelea, bima ya afya ya mke na watoto haikatiki. Kampuni hailipi mshahara wowote, na hairuhusiwi kulipa. Kwa aliyerudi kutoka Iraq au Afghanistan akiwa na cheo, watoto na hamu ya kuwa meneja katika kampuni kubwa, hakuna mlango mwingine wa kuingilia ofisini wenye unafuu kama huu. Tathmini hii ni ya mtu huyo. Kijana asiye na wa kumtegemea aombe tu, mengi ya hapa hayamhusu.

Tuanze na masharti. Mwombaji awe ametumikia angalau siku 180 mfululizo, na kampuni iwe imesaini hati ya makubaliano na wizara. Idhini hutolewa na kamanda wa ngazi ya meja au zaidi mwenye mamlaka ya nidhamu juu yake. Hapa ndipo wengi hujikwaa, kwa sababu hii ni ruhusa, si haki. Kamanda mwenye upungufu wa watu anaweza kukataa, au kukubali kwa siku chache kuliko zilizoombwa. Vyeo navyo vina ukomo: Jeshi la Majini, kwa mfano, liliweka mwaka 2023 viwango vinavyopunguza siku kadiri cheo kinavyopanda. Kwa hiyo mwenye cheo na familia asijenge mipango juu ya siku 180. Apange kwa 90 au 120, na barua ya kuomba imfikie kamanda mapema, ikiwa na jina la mtu atakayekaimu nafasi yake. Barua isiyosema nani atashika kazi hukaa mezani.

Sasa hesabu inayowaangusha wengi. Siku 180 huhesabiwa kurudi nyuma kutoka tarehe ya kutoka jeshini, si kutoka siku ya kuanza likizo ya mwisho. Aliye na siku 60 za likizo akitaka kuzichukua zote mwishoni, SkillBridge yake haiwezi kuvuka siku 120. Wapo wanaofikiria kuuza likizo ili wapate muda zaidi wa mafunzo. Tunawashauri wapige hesabu kwanza, maana likizo inayouzwa hulipwa mshahara wa msingi pekee, bila posho ya nyumba wala ya chakula. Aliye likizoni, kinyume chake, hupokea vyote, na kwa kawaida anaweza kuanza kazi ya kiraia akapata mishahara miwili kwa muda, mradi awe na kibali cha kikosi chake.

Mzigo mkubwa zaidi ni kwamba miezi hiyo hiyo imejaa shughuli nyingine. Madai ya fidia ya ulemavu yanayowasilishwa kwa Wizara ya Maveterani kabla ya kutoka jeshini hupokelewa kati ya siku 180 na siku 90 kabla ya tarehe ya mwisho, na mdai lazima awepo kwa vipimo vya afya kwa siku 45 tangu kuwasilisha. Rudi kwenye ile hesabu ya 120 na 60: mtu huyo anaondoka kikosini siku ile ile dirisha la madai linapofunguka. Akihamia jimbo jingine kwa ajili ya kampuni, miadi ya daktari itamfuata kwenye anwani ya zamani, naye anajua amekosa miadi wakati barua imeshakaa wiki mbili. Kinga yake ni rahisi: achukue nakala kamili ya rekodi za matibabu kabla ya kukabidhi vifaa, ajaze fomu ya kujitathmini afya mapema, awasilishe madai wiki ya kwanza dirisha likifunguka, na aandike anwani ya mahali atakapolala kweli katika siku 45 zinazofuata. Aliyepitisha siku ya 90 anaweza bado kudai, ila anaingia foleni ya kawaida na majibu huja baadaye.

Jeshi halilipi nauli wala malazi ya SkillBridge. Kampuni ikiwa mji mwingine, familia inabeba kodi mbili za nyumba. Ndiyo maana tunaona swali la kwanza si kampuni gani, bali iko wapi. Nafasi iliyo karibu na kambi ndiyo yenye amani zaidi: watoto hawahami shule katikati ya muhula, na mwenzi haachwi peke yake na maboksi. Kazi ya mtandaoni kutoka nyumbani inashika nafasi ya pili. Ni nzuri kwa familia, dhaifu kwa kazi, kwa sababu mgeni asiyeonekana ofisini hakumbukwi bajeti ya ajira inapogawanywa. Chaguo linalopendwa sana, la baba au mama kutangulia mji mpya na familia kufuata, ndilo tunalolipa alama ndogo. Nyumba iliyokwisha kuzoea kuachwa kwa vita inaachwa tena, safari hii kwa hiari, na hiyo hiari ndiyo ngumu kuwaeleza watoto.

Ubora wa kampuni hutofautiana mno. Kuwamo katika orodha ya mpango si cheti cha ubora, na kampuni haina wajibu wa kuajiri. Baadhi hupokea watu kwa sababu ni nguvukazi isiyolipiwa. Kabla ya kukubali, uliza mambo manne na udai majibu ya maandishi: wangapi waliopita hapa waliajiriwa, je, kuna nafasi yenye bajeti baada ya tarehe yangu ya mwisho, nani atanisimamia, na kila wiki nitafanya nini. Anayejibu la pili kwa «tutaona» amejibu. Mwenye familia aongeze la tano: kazi hii inahitaji kulala nje ya nyumba mara ngapi kwa mwezi? Ushauri wa kibiashara na mauzo huwavuta sana maafisa wa zamani, lakini safari zake zinaweza kufanana na ratiba ya kikosi waliyotaka kuikimbia. Usimamizi wa miradi, uendeshaji na ugavi huwapa wengi saa zinazotabirika zaidi.

Anayelenga ngazi ya meneja atazame pia mafunzo ya ofisini ya wiki kama 12 yanayoendeshwa na Hiring Our Heroes, mpango wa taasisi ya Chama cha Biashara cha Marekani. Yanafanyika ndani ya SkillBridge, lakini kampuni zimeshachujwa, washiriki huenda kwa makundi, na kuna siku za masomo ya kikazi pamoja na siku za ofisini. Kasoro yake ni tarehe zisizobadilika: kundi likianza wakati mwenzi anajifungua, utasubiri kundi lijalo au utaachana nalo. Wana mpango tofauti kwa wenzi wa wanajeshi, na hilo hatulioni likitajwa vya kutosha.

Baada ya kuajiriwa, American Corporate Partners hutoa mlezi wa kikazi kwa mwaka mzima bila malipo. Shirika hilo lilianza 2008, na linawapokea waliotumikia baada ya Septemba 11, 2001 pamoja na wenzi wa walio kazini. Faida yake inategemea unachoomba. Omba mlezi mwenye watoto aliyepanda cheo huku akiwalea. Anayejua tu kupanda ngazi atakufundisha nusu ya unachohitaji.

Kuhusu mshahara unaoahidiwa, usiulinganishe na tarakimu ya mshahara wa msingi wa jeshi. Posho za nyumba na chakula hazitozwi kodi. Chukua kinachoingia mkononi sasa, kisha toa makato ya bima ya afya ya familia kutoka kwenye ofa mpya, ndipo ulinganishe. Anayetoka kabla ya kustahili pensheni kwa kawaida hupoteza TRICARE, bima ya afya ya jeshi. Bima ya mpito ya kununua hutolewa kwa miezi 18, na ina dirisha la siku 60 la kujiunga, linalopita haraka kwa mtu aliye kwenye mafunzo ya kazi mpya.

SkillBridge haigusi vita vyenyewe. Usingizi uliokatika na hasira ya ghafla havitibiwi kwa beji ya ofisini. Vet Center, vituo vya ushauri kwa maveterani vilivyo takriban 300 nchini Marekani, hutoa ushauri bila malipo kwa waliokuwa eneo la mapigano na kwa familia zao, bila kudai kiwango cha ulemavu. Rekodi zao hazitolewi kwa jeshi wala mwajiri bila saini ya mhusika. Nyingi hupanga miadi jioni au mwisho wa wiki, hivyo hakuna haja ya kumwomba meneja mpya ruhusa katika mwezi wa kwanza. Kwa hali ya dharura, ni kupiga 988 kisha kubonyeza 1.

Mambo mawili ya karatasi hayarudi nyuma. Miezi ya masomo ya GI Bill, mpango wa serikali wa kulipia masomo ya waliotumikia jeshini, huhamishiwa watoto mtu akiwa bado jeshini tu, na kwa kawaida hudai miaka 6 ya utumishi na ahadi ya mingine 4, kwa hiyo anayekumbuka wakati wa SkillBridge amechelewa. Aliyestahili mapema ampe kila mtoto angalau mwezi mmoja. Mgawo unaweza kubadilishwa baadaye, lakini jina jipya haliongezwi. Na bima ya maisha ya jeshi huendelea siku 120 baada ya kutoka. Kuihamisha kwenda ile ya maveterani bila kuulizwa maswali ya afya kunawezekana ndani ya siku 240. Kwa mwenye majeraha ya vita, siku ya 241 ni fomu tofauti kabisa.