Uzoefu wangu: kubadilisha bushi, shokapu na springi za Hilux ya zamani hapa Mtwara

Nianze na hukumu kwa wale wenye haraka. Kama una pikapu ya zamani inayodunda ikiwa tupu na kuyumba ikiwa na mzigo, usikimbilie kuongeza jani la springi. Anza na bushi, vile vipande vya mpira kwenye ncha za springi, kisha shokapu, halafu ndipo uangalie springi. Kwenye gari langu, bushi na shokapu ndizo zilizoleta nafuu kubwa kuliko chochote kingine, na ndizo watu wengi huku kusini huziacha mpaka mwisho.

Gari lenyewe ni Hilux LN106 ya mwaka 1994, kabini moja, injini ya dizeli 3L ya cc 2,779. Wanaozijua hizi wanajua kwamba ekseli ya mbele ni nzima kama ya nyuma, yaani chuma kimoja kutoka gurudumu hadi gurudumu, na zote mbili zimekalia springi za majani. Ni gari gumu, halina mbwembwe, ila faraja si sifa yake hata likiwa jipya. Msimu wa korosho, kuanzia Oktoba, hubeba magunia kutoka mashambani Tandahimba kwenda ghalani. Miezi mingine hupanda na saruji na mabati, hushuka na mihogo au chochote kitakachopatikana. Kwa hiyo lami nalipata, mchanga naupata, na zile barabara za vijijini zenye mawimbi kama bati nazipata zaidi ya ninavyotaka.

Mmiliki aliyenitangulia alikuwa ameongeza majani mawili manene nyuma, ya lori la Canter, ili gari "lisilale". Kweli halikulala. Likiwa tupu, nyuma ilikuwa juu kama panzi, na kwenye kona yenye mawimbi matairi ya nyuma yalikuwa yanaruka badala ya kushika ardhi. Nilipolipeleka kwa fundi springi, mzee mmoja mwenye banda lake hapa mjini, aliingia chini, akagonga springi na spana, akatoka anacheka.

"Njomba, hii si springi tena, hili ni jiwe. Kinachofanya kazi ya springi hapa ni tairi na mgongo wako."

"Sasa mzee, nikiyatoa haya majani si gari litakaa chini nikibeba?"

"Litakaa. Springi kazi yake kukaa, halafu inyanyuke. Isipokaa, ya nini?"

Alikuwa sahihi, na hesabu yake ni rahisi ingawa wengi hawaijui. Ukichukua majani mawili ya urefu na upana sawa, moja likiwa na unene mara mbili ya lingine, lile nene haliwi gumu mara mbili tu. Linakuwa gumu mara nane. Ndiyo maana jani moja la lori likichomekwa kwenye springi ya pikapu linaua kabisa ulaini wa majani mengine yote. Springi ya asili ya Hilux imepangwa kwa akili: majani ya juu ni membamba, yanafanya kazi muda wote, na chini kabisa kuna jani nene lililonyooka ambalo halishiki mpaka mzigo ukandamize. Mifuko 20 ya saruji ya kilo 50 ni tani moja, na huo ndio mzigo gari hili lilikusudiwa kubeba. Ukizidisha hapo unatafuta gari lingine, si springi nyingine.

Nikaagiza springi za nyuma za asili, mtumba kutoka Dar es Salaam. Fundi alizifungua jani kwa jani, akazisugua kwa brashi ya waya na kuangalia tundu la katikati la kila jani, maana ufa huanzia hapo. Moja alilikataa, tukaomba tubadilishiwe, na wenye duka walibadilisha bila ugomvi. Senta bolti aliweka mpya. Hii ni bolti ndogo lakini ndiyo inayoiweka ekseli mahali pake. Ikikatika, ekseli inasogea na gari linaanza kutembea upande upande, mkia njia yake na kichwa njia yake.

Kwenye yubolti, zile bolti za umbo la U zinazoifunga springi kwenye ekseli, tulivutana kidogo. Yeye alitaka kurudisha zile za zamani kwa sababu nyuzi zake "bado nzima". Mimi nilitaka mpya, kwa kuwa yubolti iliyokwisha kukazwa kwa nguvu imeshavutika, ukiikaza tena haishiki kama mwanzo. Nilinunua mpya. Baada ya kilomita mia kadhaa nikarudi kuzikaza, na nati zilikubali kuzunguka tena, jambo la kawaida kwa sababu majani hujipanga yakishatembea. Usiporudi kukaza, senta bolti ndiyo inayobeba dhambi zote.

Sasa bushi. Zilizotoka zilikuwa zimechongwa kutoka kwenye tairi kuukuu, zile za mafundi wa pembeni mwa barabara. Sizidharau, zimewafikisha wengi nyumbani, lakini zilikuwa zimeliwa mpaka pini inacheza ndani ya jicho la springi. Kila ukigusa breki unasikia "ko!", na kila ukikata usukani gari linasubiri kidogo kabla ya kutii, kwa sababu ekseli nzima inasogea kwanza ndipo magurudumu yanafuata. Ule uzembe wa usukani niliokuwa nalaumu tairodi, yaani fimbo za usukani, sehemu kubwa ilikuwa bushi hizi.

Nilipewa chaguo la mpira au la zile ngumu za rangi, za poliyurethani. Ngumu zinadumu, lakini zinataka grisi, na mchanga wetu ukiingia zinalia kila tuta. Nikachukua mpira pande zote. Hapa ndipo penye lawama yangu kwa banda lile: vijana wa fundi walikaza bolti za bushi gari likiwa bado juu ya jeki, springi zikiwa zinaning'inia. Mpira ukikazwa hivyo, ukishusha gari unakuwa tayari umejikunja, na utachanika mapema. Niliomba walegeze, washushe gari likae kwa magurudumu yake, walitikise, ndipo wakaze. Kijana mmoja alinuna. Mzee akamwambia, "Fanya anavyosema mwenye gari," nami nikajua angalau yeye analijua.

Shokapu nilichukua za gesi, chapa ya KYB, nne, mpya. Bei ilikuwa karibu laki moja na nusu kwa moja, ndicho kipande kilichoniuma zaidi mfukoni. Za zamani zilikuwa zimetoa mafuta mpaka vumbi limeganda juu yake. Watu wengi wanadhani shokapu ndiyo inayobeba mzigo, kwa hiyo gari likilala wanalaumu shokapu. Hapana. Springi inabeba, shokapu inazuia springi isiendelee kucheza baada ya shimo kupita. Kazi hiyo inageuka kuwa joto ndani ya mafuta, na kwenye mawimbi marefu mafuta yakichanganyika na hewa yanatoa povu, shokapu inalegea katikati ya safari. Gesi ya naitrojeni iliyomo ndani inayakandamiza mafuta yasitoe povu haraka. Ukikata kamba iliyofungia mpya, inajinyoosha yenyewe taratibu. Hiyo ndiyo gesi.

Tofauti niliisikia kwenye matuta ya vijijini barabara ya Lindi, hata kabla ya kuchafua gari. Zamani tuta moja lilikuwa mitikisiko mitatu. Sasa gari linapanda, linashuka, limemaliza. Kwenye mchanga wa kuingia mashambani, nyuma haitupi tena mkia nikikata kona. Kwenye mawimbi bado unatetemeka, tusidanganyane, lakini unaweza kushikilia mwendo bila kuhisi gari linaelea kuelekea mtaroni.

Kitu kimoja ambacho sikuambiwa na fundi, na nisingependa ukikose: Hilux hizi zina vali ya breki kwenye chasisi, karibu na ekseli ya nyuma, yenye fimbo iliyounganishwa na difu, lile bonge la katikati ya ekseli. Gari likishuka kwa mzigo, fimbo inaiambia vali iongeze breki za nyuma. Mtu akinyanyua nyuma kwa majani ya lori, vali inadhani gari ni tupu muda wote, na breki za nyuma zinakuwa dhaifu hata ukiwa na tani. Ndiyo sababu zamani nikibana breki na mzigo, pua ilikuwa inachimba. Baada ya kurudisha kimo cha asili tulirekebisha fimbo, na breki zikatulia. Nimeona magari ambayo fimbo hiyo imefungwa kwa waya. Kama lako ni mojawapo, kaliangalie kabla ya springi.

Alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu, ndiyo sehemu iliyonikatisha tamaa. Kwa ekseli nzima ya mbele hakuna mengi ya kurekebisha, ni magurudumu kufunga kidogo kwa mbele, basi. Hata hivyo banda lilipima kwa jicho na kamba, usukani ukabaki umepinda, na ikanibidi nipeleke gari kwingine. Kabla ya kupima alaimenti, hakikisha pia zile beringi ndogo za juu na chini, pale gurudumu la mbele linapogeukia, hazina uchezaji. Zangu moja ilikuwa imeisha, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikisababisha usukani kutetemeka baada ya shimo.

Upepo wa matairi usiusahau, hauna gharama. Nikiwa tupu kwenye mchanga napunguza, nikipakia narudisha. Ukijaza mpaka tairi liwe gumu halafu unalalamika gari linadunda, hakuna shokapu itakayokusaidia.

Je, ningerudi kwa mzee yule? Kwa springi, kesho asubuhi. Kwa alaimenti, hapana. Gari bado ni pikapu ya kazi, likiwa tupu linakukumbusha, na nikizidisha mzigo linagonga vile vipande vya mpira vya kuzuia ekseli, jambo linalonifundisha adabu. Kilichobaki ni stelingi boksi, boksi la gia za usukani, ambayo ina uchezaji kidogo katikati. Hiyo inasubiri malipo ya mnada wa korosho, na anayemjua fundi wa Masasi au Lindi anayefungua stelingi boksi na kuifunga bila kuiacha ikivuja, anielekeze.