Kontrola ya "amp 60" niliyofunga kwenye skuta yangu

Jamani, ningekuwa mvivu kidogo leo nisingekuwa hai kuandika haya.

Mdogo wangu anafundisha klabu ya roboti shuleni, akaniletea mota mbili za volti 12 zilizobaki. Nikasema hizi haziozei kabatini, nafunga skuta. Fremu ilikuwepo, ile ya mwanangu ya kusukuma kwa mguu. Fundi baiskeli mmoja wa Ngamiani akanichomelea bati la kushikia mota moja, ya pili nikaiweka akiba, na spoketi Tanga hii ya baiskeli utakosaje? Mota yenyewe inazunguka zaidi ya mara 5,000 kwa dakika, wakati gurudumu la inchi 8 likienda kilomita 20 kwa saa linazunguka kama mara 520 tu. Tukapunguza mara kumi, kwa minyororo miwili. Mpaka hapo raha tupu. Siku nne za mwanzo nilikuwa naenda Raskazone na kurudi, upepo wa bahari usoni, watoto wananikimbilia nyuma.

Sasa kontrola, kile kifaa kinachopima umeme wa kwenda kwenye mota unapovuta resi. Niliinunua duka moja la vifaa vya elektroniki hapa hapa mjini, ubavuni imebandikwa amp 60, na muuzaji akaniapia inabeba mota yoyote. Jioni moja naondoka, nimesimama kabisa, nikavuta resi. Harufu ya kuungua. Nikaachia. Skuta haikupunguza, ikazidi! Nimeminya breki mpaka vidole vimekufa ganzi, mota inashindana nami. Kilichoniokoa ni plagi ya betri, nilikuwa nimeipitisha juu ya kibao, karibu na mkono. Nikaichomoa. Nilisimama hatua mbili tu kutoka kwenye karai la mama wa mihogo, mafuta yanachemka.

Nyumbani nikaifungua. Tranzista mbili, vile vidude vinavyopitisha na kukata umeme, kila moja haizidi ukucha wa dole gumba, lehemu imeyeyuka ikatiririka, na waya mwembamba kama wa chaja ya simu. Mota hizi zikianza kuvuta kutoka kusimama zinaweza kunywa zaidi ya amp 100. Na tranzista ikiungua mara nyingi haikati umeme, inaganda, umeme unapita wote. Ndiyo maana kuachia resi hakukunisaidia kitu.

Mtasema ningesukuma kwa mguu kwanza ndipo nivute resi, na ningeweka fyuzi na swichi ya kukata tangu mwanzo. Kweli, nakubali. Kwa hilo pekee nisingeandika.

Ila niliirudisha dukani. Sikudai hela, nilitaka muuzaji aione asimuuzie mwingine. Hata kuishika hakuishika. "Mama, fundi wako yuko wapi? Mlete yeye, wewe hutaelewa."

Fundi ni mimi! Nimesoma umeme VETA, nyumba nilizovuta waya Chumbageni na Mikanjuni taa zinawaka mpaka leo. Nikamwambia hivyo hivyo. Akamgeukia kijana aliyesimama nyuma yangu, mteja tu, wala simjui, akaanza kumweleza yeye habari za kontrola yangu. Kijana wa watu akaona haya, akainamisha kichwa. Mie nimeshika ile kontrola imeungua mkononi, nimesimama kama sipo.

Nilitaka kuwapa wenye duka nyota mbili kwa zile siku nne nzuri. Hapana, moja. Na hiyo moja naona nyingi, maana kontrola mbovu inaweza kumtokea mtu yeyote, lakini yule alinisikia vizuri kabisa.

Mota nazisifu, hazijapata hata joto la ajabu. Nimeagiza kontrola nyingine Dar, hii ina waya nene kama kidole, na swichi nyekundu nimeifunga pale pale penye mshikio. Skuta inakwenda. Duka lile sirudi hata kwa fyuzi.