Programu ya misimbo ya ICD-10: nyota tatu, mbili zimekatwa na mguu

Programu hii naitumia kila siku hapa Mombasa kusimba mafaili ya upasuaji mdogo, yaani kuupa kila ugonjwa namba yake ya ICD-10, orodha ya kimataifa ya magonjwa. Mafaili ni ya bima za hapa na ya kliniki za Marekani tunazozifanyia kazi kwa mbali. Jina lake silitaji, maana kasoro nitakazozieleza si za programu moja. Ukitaka kupima akili ya programu yoyote ya misimbo, ipe jipu la mguu.

Mazuri yake kwanza. Ni nyepesi, na kutafuta hakuhitaji intaneti. Stima ikipotea, laptopu inaendelea. Ukifungua L02, fungu la majipu ya ngozi, inakukumbusha kuongeza msimbo wa kidudu kilicholeta ugonjwa, B95 hadi B96, kama maabara imekitaja.

Ubovu wa kwanza ni wa lugha. Programu inapokea Kiswahili, lakini aliyeijaza maneno hakukaa na Waswahili. Kwetu mguu ni wote, toka pajani hadi ukuchani. Mgonjwa akiingia akasema "mguu waniuma", bado hujui ni muundi au ni wayo. Marekani ina kitabu chake cha ICD-10, nacho kinatenganisha: jipu la wayo, kisigino au kidole cha mguu ni L02.61, la kifundo, muundi au shavu la mguu ni L02.41. Andika "jipu mguu wa kulia" na programu itakupa L02.415, hali jipu liko wayoni na ulitaka L02.611. Dawa yake ni kutoliandika neno "mguu" kabisa. Andika wayo, kisigino, kidole gumba, kisha upande.

Selulaitisi, yaani maambukizi yanayoenea kwenye ngozi na nyama iliyo chini yake, haifuati mpango huo, na hapo wengi hujikwaa. Wayo hauna namba yake: kulia ni L03.115 na kushoto L03.116, sawa na mguu mzima. Vidole tu ndivyo vyenye zao, L03.031 na L03.032. Kwa hivyo programu ikikuletea L03.115 kwa wayo uliovimba, usiisahihishe.

La pili, L02.619 iko juu kabisa ya orodha. Namba hiyo maana yake daktari hakusema ni wayo wa upande gani. Imepanda kwa sababu orodha inapangwa kwa kinachochaguliwa zaidi: wavivu wanaichagua, inapanda, na kwa kuwa iko juu inachaguliwa tena. Mlipaji naye ana haki ya kuuliza mlipasuaje jipu bila kujua ni la kulia au la kushoto. Ingia kwenye mipangilio, uagize orodha ipangwe kwa namba.

Kasoro iliyonifanya nikate nyota ya pili ni kitufe cha kubadilisha msimbo wa Kimarekani uwe wa WHO, Shirika la Afya Duniani, ambao ndio unaotakiwa na bima za hapa tunazozisimbia. Kitufe hicho hakibadilishi kitu. Kinakata tarakimu za mwisho tu. L03.115 inakuwa L03.1, sawa. L03.031 inakuwa L03.0, sawa pia, na hapo unaanza kukiamini. Kisha L02.611 inakuwa L02.6, namba ambayo haimo katika kitabu cha WHO. Huko majipu yote ya mikono na miguu yamo ndani ya L02.4, na upande hautajwi. Dai linarudi.

Hilo la kurudi afadhali, maana unaliona. Baya zaidi ni linalopita. Kidonda cha wayo cha mgonjwa wa kisukari aina ya pili ni E11.621 Marekani, ikikatwa inabaki E11.6, msimbo halali kabisa, lakini WHO imeviweka vidonda hivyo kwenye E11.5. Vivyo hivyo stafilokoki sugu kwa methisilini, yaani kidudu kisichosikia dawa hiyo: B95.62 ikikatwa inakuwa B95.6, na habari ya usugu inapotea. Kwa WHO unatakiwa kuongeza U82.1 kwa mkono. Programu haikuonyi.

Kisukari kina mtego mwingine, na huu si wa programu. Katika kanuni za Kimarekani, mgonjwa wa kisukari mwenye kidonda cha mguu huchukuliwa kwamba kidonda kimetokana na kisukari, ila daktari akikanusha. Jipu halimo katika dhana hiyo. Daktari lazima aandike kwamba limetokana na kisukari. Akiandika, unaweka E11.628 kisha L02.611. Asipoandika, mrudishie faili umuulize, usimjazie.

Programu ina ukurasa wa maelezo ya daktari, lakini ukiandika "jipu, mguu, limepasuliwa" inakubali na kufunga. Maelezo yanayosimbika ni kama haya: "Jipu la ngozi, wayo wa kulia, nyuma ya kidole gumba, sm 3 kwa 2. Wekundu umeenea sm 4 kulizunguka: selulaitisi. Ganzi ya lidokeni. Chale sm 2, usaha ml 8, vijumba vya usaha vimevunjwa, utambi wa gauzi umewekwa. Mfupa haukuguswa. Usaha umepelekwa maabara." Kila kipande hapo kina kazi. Wekundu unakupa msimbo wa pili. Kina kinatenganisha jipu la ngozi na la chini ya fasha, utando unaofunika misuli. Vijumba na utambi vinatetea malipo ya upasuaji mgumu.

Kwa mafaili ya Marekani, kazi ya kupasua ina namba zake za malipo, za CPT: jipu moja jepesi ni 10060. Gumu au mengi ni 10061. Likiwa chini ya fasha ya wayo, nenda 28002. Mbili za kwanza zina siku 10 za ufuatiliaji ndani ya bei ya Medicare, bima ya serikali ya Marekani, kwa hivyo kutoa utambi siku ya tatu hakulipiwi peke yake. Programu inazijua namba hizi, ila siku 10 haizihesabu.

Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji aandike L02.611 mbele yako na abonyeze kitufe cha WHO. Ikitoka L02.4, kaa chini mpatane bei. Ikitoka L02.6, mshukuru kwa muda wake.