Sanamu ya shela pale V&A London, nyota 5 na narudi tena

Jamani mkipita London hii msiikose. Iko makumbusho ya Victoria and Albert, yaani V&A, South Kensington, kuingia bure, na kutoka stesheni kuna njia ya chini ya ardhi mpaka makumbusho kwahiyo hata mvua inyeshe vipi hulowi. Jina lake The Sleep of Sorrow and the Dream of Joy, yaani usingizi wa Huzuni na ndoto ya Furaha, kaichonga Raffaelle Monti mwaka 1861.

Wengi wanafika, wanapiga picha ya shela iliyomfunika uso mwanamke wa juu, haoo wameondoka. Siwalaumu, ile shela ni balaa! Ni jiwe tupu lakini pua na midomo unaviona kwa ndani, kama kitambaa kimelowa maji kikamganda usoni, nimesogea nikarudi nyuma nikasogea tena na macho bado yanakataa kwamba hii ni marumaru.

Ila ukishamaliza kushangaa, shusha macho. Chini kuna mwanamke mwingine kalala kwenye mawaridi, huyo ndo Huzuni, na yule wa juu anayepaa ni ndoto yake, yaani Furaha. Na hapa ndo utamu ulipo, maana Monti alikuwa mtu wa Milano, mwaka 1848 watu wa kwao walipoinuka kuwafukuza Waaustria waliokuwa wakiwatawala naye alikuwemo kwenye siasa hizo, mambo yakaharibika akakimbilia London na akabaki hukohuko mpaka anafariki 1881. Sasa Machi 1861 Ufalme wa Italia unatangazwa, yaani vinchi vya Italia vimeungana kuwa nchi moja, na sanamu nayo ni ya mwaka huohuo! Ndo maana wapo wanaosema aliyelala pale ni Italia yenyewe, na mimi nimekubali kabisa, tena bila bendera wala jenerali juu ya farasi. Hata ile shela mimi naisoma hivyohivyo, furaha imekuja lakini uso haijaufunua, kwani Venezia ilikuwa bado ya Waaustria na Roma bado ya Papa.

Kingine, 1862 ilionyeshwa kwenye maonyesho makubwa ya kimataifa, kiwanja chenyewe ndo palipo makumbusho ya viumbe (Natural History Museum) leo, yaani ng'ambo ya barabara tu.

Nendeni Ijumaa, wanafunga saa 4 usiku. Na mzunguke nyuma pia, msiishie usoni.